Kazi Yetu Tuiweke Wapi? Kuchagua Nyumba na Vyombo vya Mradi wa Programu Huria

Makala haya yalianza na kompyuta iliyoungua. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa tatu, anayekaa Katuba, aliacha kompyuta yake imechomekwa ukutani usiku. Umeme ulikatika, ukarudi alfajiri kwa nguvu, na kilichobaki ni harufu ya plastiki. Ndani yake mlikuwa na miezi mitatu ya masahihisho ya orodha yetu ya maneno. Tulipotafuta nakala kwenye flashi na kwenye simu zetu, tulipata faili tano: orodha_mwisho, orodha_mwisho2, orodha_mwisho_kweli, orodha_ya_mwalimu, na moja yenye tarehe tu bila jina. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kusema ipi ilitangulia ipi, wala nani alibadilisha nini. Tulikaa chini tukaanza kulinganisha neno kwa neno, na tulipofika herufi ya K tulichoka.

Siku ile kikundi kilinipa kazi ya kutafuta mahali pa kuweka mradi na vyombo vya kuutengenezea. Nilidhani ni kazi ya alasiri moja. Ilinichukua muda mrefu kuliko TFC yangu, kwa sababu kila swali la kompyuta lilipofunguliwa ndani yake kulikuwa na swali la lugha, au la watu. Naandika haya kwa wenzangu wa fakalte yetu wanaodhani kwamba mambo haya ni ya wahandisi. Si ya wahandisi peke yao.

Mradi wenyewe

Tunatengeneza kisahihishi cha tahajia cha Kiswahili kitakachofanya kazi ndani ya LibreOffice na Firefox. Programu hizo mbili hutumia injini iitwayo Hunspell, na kamusi ya Kiswahili ipo tayari ndani ya LibreOffice, yenye alama ya Tanzania. Atakayeandika humo hadithi ambamo watu wanasema kama wanavyosema Lubumbashi ataona ukurasa mzima umepigiwa mistari myekundu: batoto, katoto, tutoto, kuya. Hatusemi kwamba maneno hayo yaingie kwenye Kiswahili sanifu. Tunasema mwandishi wa huku awe na kamusi ya pili anayoweza kuiwasha anapoandika mazungumzo, ili makosa yake halisi yasipotee katikati ya mistari myekundu isiyo na maana.

Hunspell huhitaji faili mbili za maandishi matupu. Moja ni orodha ya mashina ya maneno, nyingine ni sheria za viambishi. Mtengenezaji wake, László Németh, aliiunda kwa ajili ya Kihangari, na hapo ndipo mwanafunzi wa isimu anapoanza kucheka. Kihangari hubandika viambishi nyuma ya neno: ház ni nyumba, házaimban ni ndani ya nyumba zangu. Kwa kawaida injini hukubali tabaka mbili za viambishi tamati, lakini tabaka moja tu la viambishi awali. Sisi mzigo wetu uko mbele. Katika hatukuwaambia, shina linakuja baada ya vipande vinne.

Njia ya kupita ni kuidanganya injini kwa heshima: kipande chote cha mbele, nitawa- au walitu- na kadhalika, kinaandikwa kana kwamba ni kiambishi kimoja. Sasa tuhesabu. Nafsi sita, njeo tano za kawaida (-na-, -li-, -ta-, -me-, -ki-), na viambishi vitano vya yambwa ya watu pamoja na hali ya kutokuwa na yambwa: sita mara tano mara sita ni mafungu 180. Baadhi, kama nitani-, hayatumiki na yanaondolewa. Lakini bado hatujagusa ngeli zisizo za watu, wala ukanushi, wala virejeshi, wala m- inayogeuka mw- mbele ya irabu. Hakuna mtu atakayeandika hayo kwa mkono bila kukosea. Yanatengenezwa na skripti ndogo ya Python inayosoma jedwali la viambishi na kutoa faili ya sheria.

Kwa hiyo mradi wetu una vitu vya aina tatu: orodha ambayo wanaisimu wanaisahihisha, majedwali ambayo wanaisimu wanayajadili, na skripti ambayo watu wawili tu wanaielewa. Nilipolitambua hilo ndipo nilipojua ninatafuta vyombo vya namna gani. Rafiki wa kitivo cha sayansi aliniambia nichague kile wanachotumia wote, nisijisumbue. Alikuwa na haki kwa sehemu, nitalirudia.

Daftari kabla ya nyumba

Watu wengi huanza kwa kuuliza ni tovuti gani. Swali la kwanza ni daftari: ni chombo gani kitakachoandika nani alibadilisha nini, lini, na kwa nini. Zamani kazi hii ilifanywa na CVS, kisha na Subversion iliyoanzishwa mwaka 2000. Katika vyombo hivyo daftari kuu liko kwenye seva moja, na wewe una ukurasa wa leo tu. Ukitaka kuandikisha badiliko, sharti uwe na mtandao. Ukitaka kusoma historia, hivyo hivyo.

Mwaka 2005 kampuni iliyokuwa ikiwapa watengenezaji wa Linux matumizi ya bure ya programu yake, BitKeeper, iliondoa ruhusa hiyo. Mwezi wa Aprili Linus Torvalds akaanza kuandika chombo kipya, Git, na mwezi ule ule mtu mwingine akaanza Mercurial kwa sababu ile ile. Vyote viwili vilifanya jambo moja kubwa: kila mwenye nakala ana daftari zima, tangu ukurasa wa kwanza. Kwa mtu wa Ulaya hilo ni jambo la kasi. Kwetu ni jambo la uhai. Ninaweza kukaa nyumbani bila mega hata moja, nikasahihisha, nikaandikisha mabadiliko ishirini kila moja na sababu yake, nikasoma alichoandika mwenzangu mwezi uliopita, kisha siku nikifika kwenye mtandao nikasukuma vyote kwa dakika moja. Na kompyuta moja ikiungua, daftari liko kwenye kompyuta za wengine wote.

Kati ya Git na Mercurial, nakiri kwamba Mercurial ni rahisi kumfundisha mtu wa lugha. Amri zake ni chache na haziogopeshi. Nilipanga kuichagua. Kisha nikasoma kwamba Bitbucket, nyumba iliyojengwa mwanzoni kwa ajili ya Mercurial, iliacha kuipokea mwaka 2020 na kubaki na Git peke yake. Hapo ndipo ushauri wa rafiki yangu ulipoingia: chombo kizuri kisicho na majirani kinakuachia wewe kazi ya kila ukarabati. Tukachukua Git.

Jambo moja ambalo hakuna aliyeniambia, na ambalo lingetuokoa wiki mbili: Git hulinganisha maandishi mstari kwa mstari. Ukiweka ndani yake faili ya Word, itaihifadhi, lakini haitaweza kukuonyesha kilichobadilika, wala kuunganisha kazi ya watu wawili. Itakuambia tu kwamba faili mbili hazifanani, jambo ambalo tulikwisha kulijua. Kwa hiyo orodha yetu tuliihamishia kwenye maandishi matupu, neno moja mstari mmoja, katika usimbaji wa UTF-8, ikiwa imepangwa kialfabeti na skripti na si kwa mkono. Watu wawili wakiongeza maneno mahali tofauti, Git huunganisha bila kuuliza. Wakigusa mstari mmoja, husimama na kusema: amueni ninyi. Ndivyo inavyotakiwa. Pia kuna tatizo dogo la kuudhi la Windows, ambayo humaliza mstari kwa alama mbili badala ya moja. Kabla hatujaweka faili ya mpangilio ya kulishughulikia, kila aliyefungua orodha kwenye Windows alionekana amebadilisha mistari yote. Mwalimu mmoja alionekana kuwa ameandika kamusi nzima upya Jumapili mchana.

Nyumba zinazohamwa

Sasa nyumba. Hapa nilisoma historia kabla ya kusoma bei, na nawashauri mfanye hivyo.

SourceForge ilifunguliwa mwaka 1999, na kwa miaka mingi ndipo programu huria zilipokaa. Kisha ikaanza kufungasha matangazo ndani ya programu za watu wanapozipakua, na mwaka 2015 mradi wa GIMP ulilalamika hadharani. Miradi mingi ikahama, ingawa wenye nyumba wapya waliacha desturi hiyo baadaye. Google Code ilianza mwaka 2006, ikatangaza kufungwa mwezi wa Machi 2015, na Januari 2016 ilifunga. Gitorious ilinunuliwa na GitLab mwaka 2015 na kufungwa. GitHub, iliyofunguliwa 2008, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5. Wengine walikasirika wakahama siku ile ile. Walio wengi wakabaki.

Mfano ulio karibu nasi kikazi ni Apertium, mradi huria wa tafsiri ya mashine unaoshughulikia lugha nyingi ndogo. Ulikaa SourceForge miaka mingi ukitumia Subversion, na mwaka 2018 ukahamia GitHub na Git. Watu wale si wajinga. Walichagua vizuri mara ya kwanza, na bado walilazimika kuhama. Basi nilibadilisha swali langu. Sikuuliza tena ni nyumba ipi itakayodumu. Niliuliza: siku tukihama, tutabeba nini na tutaacha nini?

Jibu lilinishtua. Daftari la Git linabebeka lote, kwa amri mbili. Lakini nyumba hizi zina vitu vingine visivyomo ndani ya daftari: orodha ya dosari, mabishano chini ya kila pendekezo, vibandiko, na maombi ya kuunganisha yaliyokataliwa pamoja na sababu za kukataliwa. Hivyo hukaa katika hifadhidata ya mwenye nyumba. Kuna njia za kuvihamisha, na nyumba mpya nyingi zina mlango wa kuvipokea kutoka GitHub, lakini mara nyingi hufika vimepungua.

Kwa mradi wa programu ya kawaida hasara hiyo inavumilika. Kwetu sisi, mabishano ndiyo isimu yenyewe. Tuna uzi mmoja kuhusu ka- na tu-: je, katoto na tutoto ziorodheshwe neno kwa neno, au tukubali kwamba Kiswahili cha huku kina ngeli mbili za udogo ambazo sanifu haina, tuziandikie sheria? Waliochangia walileta mifano kutoka nyumbani, kutoka sokoni, kutoka michezo ya kuigiza ya redio. Kupoteza uzi ule kungekuwa kuunguza kompyuta ya pili.

Tukaamua kwamba kila mjadala ukiisha, mtu mmoja anaandika muhtasari wake katika faili ya maandishi iitwayo maamuzi, inayokaa ndani ya daftari pamoja na orodha. Swali, hoja za kila upande, uamuzi, tarehe. Na kwa kuwa ukweli ni kwamba sisi sote tunajadiliana WhatsApp, tukaongeza kanuni kwamba kilichoamuliwa WhatsApp hakijaamuliwa mpaka kiwe kwenye faili ile. Kanuni hii ndiyo iliyovunjwa zaidi kuliko zote. Mara tatu nimeokota maamuzi kutoka sauti za dakika nne nne zilizotumwa usiku wa manane.

Kwa nini hatukujenga yetu

Nilitaka sana tuwe na seva yetu. Inawezekana: GitLab ina toleo huria ambalo yeyote anaweza kulisakinisha, lakini ni zito, linataka kumbukumbu nyingi. Forgejo, iliyotengwa kutoka Gitea mwaka 2022, ni nyepesi kiasi cha kuendeshwa na kompyuta kuukuu. Niliwaza kompyuta moja pembeni mwa ofisi ya idara, iwe mali yetu, data zetu ziwe nchini. Hoja hiyo ni nzito na sijaitupa.

Kilichonizuia si fedha. Kompyuta hiyo ingehitaji umeme usiokatika, yaani betri, na betri zinahitaji mtu wa kuzibadilisha. Ingehitaji mtu wa kuweka masahihisho ya usalama kila mwezi, hata wakati wa likizo, hata wakati wa mgomo. Ninaujua mradi mmoja wa kamusi, wa kikundi ambacho sitakitaja, uliokuwa na seva nzuri na anwani nzuri ya intaneti. Aliyekuwa na neno la siri alipata nafasi ya masomo ng'ambo. Anwani haikulipiwa mwaka uliofuata, na leo ukiiandika unakuta mtu anauza dawa za kunenepesha. Kazi ilikuwa nzuri. Niliiona kwa macho yangu nikiwa mwaka wa kwanza. Kikundi cha wanafunzi hubadilika kila mwaka, na chombo kinachotegemea mtu mmoja asiondoke hakifai katika chuo, mahali ambapo shabaha ya kila mtu ni kumaliza aondoke.

Zilibaki nyumba za wengine. Savannah ya mradi wa GNU ni ya watu wenye msimamo imara, lakini hukagua leseni ya kila mradi kabla ya kuupokea na sura yake ingewakimbiza walimu wetu. Codeberg ilinivutia zaidi: inaendeshwa na chama kilichosajiliwa Berlin, si kampuni, inaishi kwa michango na inatumia Forgejo. GitHub ina watu. Wanaisimu wenzetu wa Apertium wako huko, na pia GiellaLT ya Chuo Kikuu cha Tromsø, wanaotengeneza visahihishi vya Kisami kwa njia ambayo huenda siku moja itatufaa kuliko Hunspell. Mwanafunzi wetu akitaka kuwauliza, mlango uko hapo hapo.

Dhidi ya GitHub kuna jambo ambalo halihusu ubora wake. Nyumba hufuata sheria za nchi ilipo. Mwezi wa Julai 2019 watengenezaji wa programu nchini Iran, Syria na Crimea walikuta akaunti zao zimewekewa mipaka kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Wale wa Iran walifunguliwa Januari 2021 baada ya GitHub kupata kibali. Hawakuwa wamefanya kosa lolote. Mwenzetu aliyeleta habari hiyo kikaoni alitaka Codeberg, akauliza kama tunajua nchi yetu itakuwa kwenye orodha gani miaka kumi ijayo. Hakuna aliyemjibu, maana hakuna anayejua.

Tulichofanya ni hiki: mradi unakaa GitHub, kwa sababu ya majirani, na kila badiliko linalosukumwa huko linasukumwa pia Codeberg. Git inaruhusu hazina moja kuwa na anwani kadhaa za mbali, na kuweka ya pili ni amri moja. Mimi nilipigia kura mpango huu. Mwenzangu wa Codeberg alipiga kura ya hapana, na bado sina uhakika kwamba alikosea.

Mlango wa mbele una wamiliki watatu: mwalimu mmoja, asistenti mmoja, mwanafunzi mmoja. Tangu mwaka 2023 GitHub imekuwa ikiwataka wachangiaji wathibitishe utambulisho kwa hatua mbili. Hapa kwetu ambapo watu hubadilisha laini za simu kila promosheni, ni hatari kutegemea ujumbe wa simu. Tumetumia programu ya simu inayotoa tarakimu bila kuhitaji mtandao, na zile namba za dharura tumeziandika kwenye karatasi iliyoko kabatini kwa katibu wa idara. Karatasi, ndiyo.

Mwalimu asiyetaka akaunti

Vyombo vyote hivi vingekuwa bure kama wanaoijua lugha wangebaki nje. Mjuzi wetu mkuu wa msamiati wa ufundi na wa migodi ni mwalimu mzee ambaye nilimwendea na kompyuta nikiwa na shauku ya kumwonyesha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

“Mwanangu,” akasema, “mimi sitafungua akaunti. Niletee karatasi na kalamu nyekundu.”

“Ndiyo, Mwalimu. Lakini jina lako halitaonekana kwenye kazi.”

“Tangu lini jina likahitaji neno la siri?”

Nilirudi nimeaibika, nikasoma vizuri zaidi, nikakuta kwamba Git inatofautisha aliyetunga badiliko na aliyeliandikisha. Ni vipengele viwili tofauti katika kila kumbukumbu, kwa sababu tangu mwanzo watengenezaji wa Linux walikuwa wakitumiana masahihisho kwa barua pepe na mtu mwingine kuyaingiza. Basi sasa Mwalimu anapigia orodha kalamu nyekundu, mwanafunzi wa zamu anachapa, na daftari linasema: mtungaji, Mwalimu, mwandikishaji, fulani. Jina lake ndilo linaloongoza kwa idadi ya masahihisho, na hajawahi kugusa kibodi. Tumemwomba ruhusa kwanza, kwa sababu jina likishaingia katika historia ya Git haliondoki kirahisi.

Wale wanaotaka kusahihisha neno moja moja hufanya hivyo ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Ni polepole na kunakula mega, lakini inawezekana hata kwa simu. Wanaochukua hazina nzima kwa mara ya kwanza tunawaambia waombe nakala isiyo na historia, kwa chaguo la depth lenye thamani ya 1, kisha wakipata mtandao wa chuo waijazie historia yake. Kwa maandishi matupu tofauti si kubwa. Ilikuwa kubwa pale mtu mmoja alipoingiza kwa bahati mbaya rekodi za sauti za mahojiano, na hapo tulijifunza kwamba kufuta faili katika toleo la leo hakuifuti katika daftari. Ilibidi tuandike historia upya na kila mtu achukue nakala mpya. Mahojiano yale hayakuwa na ruhusa ya kutangazwa. Tangu hapo kila rekodi inakaa kwenye diski ya idara, nje ya Git kabisa.

Kuhusu majaribio nitasema kwa ufupi. Tuna faili mbili: maneno ambayo kisahihishi lazima kiyakubali na maneno ambayo lazima kiyakatae. Ukiiambia Hunspell itaje makosa tu, faili ya kwanza inapaswa kutoa ukimya na ya pili kujirudia yote. GitHub inaweza kufanya jaribio hilo yenyewe kila badiliko linapoingia, kwa umeme wao. Hata hivyo tumeliandika kama skripti inayofanya kazi kwenye kompyuta yoyote, na GitHub inaliita tu. Siku tukihama, jaribio linahama nasi.

Leseni

Hili lilitugawa kuliko yote. Wengi wetu tulidhani kwamba kazi iliyowekwa wazi mtandaoni ni ya wote. Sivyo: kazi isiyo na leseni haki zake zote ni za mwandishi, na msomaji hana ruhusa ya kuibadilisha wala kuisambaza. Kwa hiyo kukaa kimya hakukufungui, kunakufunga.

Upande mmoja ulitaka leseni ya MIT, fupi, inayoruhusu karibu kila kitu ilimradi jina la mwandishi libaki. Upande wa pili, wenye sauti kubwa zaidi, ulisema kampuni ya nje itachukua maneno ya mama zetu, iyafungie ndani ya simu, ituuzie. Mtu mmoja alitaka tuandike leseni yetu wenyewe inayokataza biashara. Nilipinga, kwa sababu leseni inayokataza biashara haihesabiwi kuwa ya programu huria, na LibreOffice isingeweza kuipokea kamusi yetu. Tulifika kwenye GPL toleo la 3. Haikatazi kuuza. Inasema tu kwamba anayesambaza kazi yetu akiwa ameibadilisha sharti awape wapokeaji wake chanzo cha mabadiliko hayo chini ya masharti yale yale. Aliyetaka kukataza biashara aliondoka kikaoni, akarudi wiki iliyofuata na maneno arobaini ya useremala.

Na tahadhari kwa watakaotufuata: leseni yako inafunika tu kilicho chako. Msinakili kamusi zilizochapishwa. Orodha yetu imetoka kwenye mahojiano na kwenye maandishi yetu, ndiyo maana ni fupi.

Kwa wanaouliza namna ya kutaja mradi kama huu katika TFC, anwani ya GitHub haitoshi, maana nimekwisha kueleza nyumba zinavyofungwa. Software Heritage, ghala la misimbo ya dunia lililoanzishwa Ufaransa na Inria mwaka 2016 na kuungwa mkono na UNESCO, hupokea ombi la kuhifadhi hazina yoyote ya wazi na hutoa kitambulisho cha toleo lile hasa ulilotumia. Zenodo ya CERN nayo hutoa namba ya DOI kwa kila toleo. Tumefanya vyote viwili, na profesa wa mbinu za utafiti amekubali kuviona kwenye orodha ya marejeo.

Ka- na tu- zimeingia kama sheria. Tawi la ba-, la batu na batoto, bado liko wazi: hoja ni kwamba tukiandika ba- kama sheria badala ya wa-, kisahihishi kitakubali pia baalimu, neno ambalo sijamsikia mtu akilisema, na hakuna aliyepata bado njia ya kulizuia bila kuorodhesha nomino moja moja. Kikao kijacho ni Alhamisi saa nane, chumba kile kile. Aliyeunguliwa kompyuta ndiye atakayesoma hoja.